Barua ya wazi kwa Gavana wa Lamu kuhusu nyumba ya wanafunzi ya Mkomani

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kaunti ya Lamu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa mtaa wa Mkomani, na nakuandikia kuhusu nyumba moja ya mawe iliyo milango mitatu kutoka kwetu, ambayo kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa bweni la wasichana wanaosoma mjini chini ya uangalizi wa kanisa moja. Mkataba wa kanisa na warithi wa nyumba hiyo umekwisha mwaka huu, warithi wamepata mnunuzi anayetaka kuigeuza hoteli, na ombi la kubadilisha matumizi yake, kama tulivyoarifiwa mtaani, litafika katika ofisi za kaunti kabla ya kaskazi kuanza kuvuma. Naandika hadharani, si kwa kuwa nimebisha mlangoni kwako nikanyimwa jibu, bali kwa kuwa jambo hili ni la mtaa mzima, na ningependa majirani wasome niliyoyasema na wanisahihishe nilipokosea. Ombi langu ni moja: nyumba hii iendelee kulaza wanafunzi, na kaunti itumie mamlaka na uwezo ilio nao kuliwezesha hilo bila kuwadhulumu wenye mali.

Niruhusu kwanza nikueleze nyumba yenyewe, kwa sababu wengi wanaopita katika kichochoro kile huuona mlango tu. Imejengwa kwa namna ya nyumba za waungwana wa Lamu za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, enzi ambayo mji wetu ulitajirika kwa pembe za ndovu, boriti na nafaka zilizopakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nene kiasi kwamba jua la saa nane mchana halisikiki ndani. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na boriti haibebi dari nzito ya mawe na chokaa ikipita mita 3 hivi. Ukitoka kichochoroni unaingia dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, penye baraza mbili za kumkalisha mgeni asiye na haja ya kuingia. Kutoka dakani unapita tekani, yaani njia ya ndani, ambayo imepinda makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Ndipo unapotokea kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu. Mbele ya kiwanda imepangana misana miwili, yaani vyumba virefu vya kukalia, msana wa tini (wa chini) na msana wa yuu (wa juu), sakafu ya mmoja ikiinuka kidogo kuliko ya mwenziwe, na nyuma yake ndiko ndani, chumba cha wenye nyumba, chenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka, zilizochongwa kwa chokaa safu juu ya safu mpaka karibu na dari. Nyuma kabisa ni nyumba ya kati, ambako wazee wetu walizaliwa na ambako maiti zao zilioshwa.

Kuna jambo moja katika nyumba hiyo ambalo naomba ulikumbuke, maana sehemu kubwa ya hoja yangu imesimama juu yake. Ghorofani, kwa ngazi inayopandia tekani bila kupita kiwandani, kuna sabule, yaani chumba cha wageni. Mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi kutoka Hadhramaut au Maskati hakuweza kurudi kwao mpaka kusi ivume, na kwa miezi hiyo alilala katika sabule ya mwenyeji wake na kula chakula cha nyumba ile, huku sitara ya wanawake waliokuwa chini ikibaki salama. Nyumba zetu basi hazikujengwa kwa ajili ya jamaa peke yao. Zilijengwa zikimhesabu mgeni wa muda mrefu, aliyekuja kwa shughuli yake, na ambaye ataondoka msimu ukigeuka. Msichana anayetoka Kizingitini, kisiwani Pate, au Mpeketoni, upande wa bara, kuja kusoma mjini ni mgeni wa namna hiyohiyo, ila msimu wake ni muhula.

Tena nyumba ya namna hii, kwa desturi ya mji, alijengewa binti anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Mabinti wawili wakijengewa nyumba zinazokabiliana, baba aliziunganisha kwa wikio, yaani kivuko cha ghorofani, juu ya kichochoro, ili ndugu hao watembeleane bila kushuka njiani. Wikio la nyumba ninayoizungumzia lingali linasimama, na chini yake ndipo tulipochezea mvua ikinyesha.

Nilipokuwa mtoto, aliyebaki humo ni mjane mmoja ambaye watoto wote wa mtaa tulimwita Bimkubwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomtekea maji kisimani. Dari ya msana wa yuu ilipoanza kuvuja, Bimkubwa alifunga msana ule na kuhamia wa tini. Wa tini nao ulipoingia maji, alihamishia kitanda chake cha samadari ndani, mbele ya zidaka. Alihama chumba kwa chumba mbele ya mvua, na aliyemfahamu vyema hakumsikia akilalamika, kwa sababu aliamini kwamba watoto wake waliokwenda Mombasa na ng'ambo wangerudi kutengeneza. Alipofariki, nyumba iliwaangukia warithi wengi, kila mmoja na fungu lake kama sheria ya mirathi inavyoamuru, na hakuna aliyekuwa na fungu kubwa la kumtosha kugharamia paa peke yake. Mheshimiwa, ukizunguka Mkomani leo ukahesabu magofu, utakuta mengi yamekufa kwa sababu hiyohiyo. Si kwamba wenyewe hawazipendi nyumba zao. Nyumba moja inapokuwa na wenyewe 15 katika miji 6, hakuna anayeamka usiku kusikiliza kama dari inalia.

Kanisa lilikuja nilipokuwa katika mwaka wangu wa pili wa ualimu. Mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulikuwa umeleta Mpeketoni familia nyingi kutoka bara, na watoto wao walikuwa wamefika umri wa sekondari. Wavulana walijibanza kwa marafiki na jamaa, lakini mzazi wa Mpeketoni aliyekuwa na binti mjini alilala macho wazi: njia mpaka Mokowe, kisha mashua, kisha mji asioujua, na chumba cha kupanga chenye mlango usiofungika. Kanisa halikuja mtaani kwetu kuhubiri. Lilikuja kutafuta paa la wasichana hao, na nyumba kubwa iliyokuwa tupu, ambayo warithi wake walikuwa tayari kuipangisha kwa bei nafuu kwa yeyote atakayeitengeneza, ilikuwa hiyo.

Nisiseme kwamba mtaa uliwapokea kwa shangwe. Kulikuwa na maneno, na mengine nisingependa kuyarudia. Mtaa wenye misikiti kila baada ya vichochoro viwili ulikuwa na haki ya kuuliza ni nini kinachoingia katikati yake. Ila wazee wetu hawakuishia kwenye maneno. Walikwenda wakaketi katika baraza za daka lile pamoja na mchungaji na mama mlezi aliyeteuliwa, wakaongea kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi. Walikubaliana kwamba nyama ya nguruwe na pombe havitaingia, kwamba ngoma na nyimbo za ibada zitabaki kanisani, kwamba wasichana watajifunga leso wanapopita mbele ya msikiti, na kwamba mwanamume yeyote, hata mchungaji mwenyewe, ataishia dakani. Mtaa nao uliahidi kwamba binti wa bweni atatazamwa kama binti wa mtaa. Hakuna kilichoandikwa. Nimeishi karibu na nyumba ile tangu siku hiyo na sijui siku ambayo upande wowote ulivunja neno.

Mwaka wa pili wakaanza kuja wasichana wa Kiislamu pia, kutoka Faza, Siyu, Kizingitini na Kiunga, kwa sababu wazazi wa huko walikuwa na wasiwasi uleule wa wazazi wa Mpeketoni. Mama mlezi aliwapa sabule wawe na pa kusalia bila kusumbuliwa, na alfajiri ndiye aliyewaamsha, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na swala ya kuamkia. Wakati wa Ramadhani chakula cha mchana cha wasiofunga kilipikwa nyuma, ili harufu isifike kwa wenzao. Jioni sinia za mtaa ziliingia mlango ule: mkate wa mofa, kaimati, viazi vya rojo, tende. Nami nilipeleka zangu. Krismasi zilitoka sinia zikaja kwetu, na mama yangu, aliyekuwa mmoja wa waliotia shaka mwanzoni, alikuwa wa kwanza kurudisha chombo kikiwa na kitu ndani yake, kama adabu yetu inavyotaka.

Nikiwafundisha wengine wao, na kwa kuwa mimi ni mwanamke, nilikuwa naruhusiwa kuingia jioni kusaidia hesabu na Kiswahili. Walisomea kiwandani, kwanza kwa kandili, baadaye kwa taa ya umeme iliyotundikwa kwenye boriti ya ukingo wa msana. Vitabu vyao walivipanga katika zidaka. Wageni wengi wamewahi kuniuliza zidaka ni za nini, na jibu la vitabuni ni kwamba ziliwekwa sahani za kaure na vyombo vya thamani kutoka China na Uajemi ili mwenye nyumba ajulikane hadhi yake. Ni kweli. Lakini mimi nikifumba macho naona ukuta ule ukiwa na vitabu vya Biolojia vilivyofunikwa kwa gazeti, kila kidaka na msichana wake, na kidaka cha juu kabisa kilichochongwa kwa ustadi kuliko vyote kimeachiwa Msahafu na Biblia, kila kimoja kikiwa kimefungwa katika kitambaa chake. Hilo halikupangwa na mtu mzima yeyote.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na katika usiku huo na uliofuata watu zaidi ya 50 waliuawa. Wewe unajua, Mheshimiwa, hofu iliyouingia mji huu, na jinsi watu walivyoanza kutazamana. Ndani ya bweni walikuwamo wasichana ambao hawakujua kama baba zao wako hai. Asubuhi ile, kabla ya simu kuanza kujibiwa, akina mama wa mtaa walikuwa wameshaingia. Waliketi nao msanani kama wanavyoketi matangani, bila mengi ya kusema. Wawili walipoletewa habari ya msiba, ni akina mama hao waliowashika. Mashehe wawili wa jirani walikuja wakaketi dakani, mahali palepale ambapo baba zao walikuwa wameketi siku ya makubaliano, na wakakaa hapo kwa siku kadhaa ili yeyote apitaye awaone. Ilipotangazwa kafyu mwaka huohuo na wasichana wakashindwa kusafiri, baadhi yao walilala majumbani mwetu wikendi, kwa kupitia wikio, bila kukanyaga barabara. Binti mmoja wa Mpeketoni alilala katika kitanda cha dada yangu. Leo ni muuguzi, na akija Lamu hufikia kwetu.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu fomu ya maombi ya ujenzi haina mahali pa kuyajaza.

Sasa nije kwenye hali ya jengo, maana sitaki kukuficha udhaifu wake. Katika miaka ya mwanzo msimamizi mmoja wa bweni, kwa nia njema na kwa haraka ya kumaliza kabla muhula haujafunguliwa, aliamuru kuta za kiwanda na za msana zipigwe plasta ya saruji. Ukuta wa matumbawe una tabia ya kunywa unyevu na kuutoa, na chokaa huuacha upumue, saruji huuziba. Maji yaliyoingia kwa juu na chumvi iliyopanda kwa chini vikakosa pa kutokea, plasta ikaanza kubanduka vipande vikubwa, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vikaoza kimyakimya, pahali ambapo jicho halifiki. Fundi mzee wa mtaa aliyekuja kuangalia aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole mara tatu akasema, “Huu unakunywa na haukojoi.” Walibandua saruji ya msana na kurudisha chokaa, lakini ya kiwanda bado ipo upande mmoja, na boriti zisizopungua 20 zinahitaji kubadilishwa kabla ya mvua za masika.

Hapo pana tatizo jingine ambalo ofisi yako inaweza kulisaidia. Kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwa karne nyingi boriti za Lamu zimeezeka nyumba za Uarabuni. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982, na mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliposimamisha ukataji wa miti nchini, hata fundi aliyetaka boriti 10 za kuokoa dari alikwama. Sipingi kulindwa kwa mikoko. Samaki na kaa wetu huzaliwa humo. Nasema tu kwamba nyumba za mji mkongwe zimetokana na mikoko hiyo, na hazihitaji nyingi. Utaratibu mwepesi wa kibali kwa ajili ya ukarabati wa nyumba za kale pekee, ukisimamiwa pamoja na wenye kulinda misitu, ungeokoa dari nyingi.

Najua kuna watakaosema kwamba wanafunzi huharibu, na kwamba turathi ni jambo la kutunzwa, si la kulaliwa na wasichana 24 katika vitanda vya deki. Nawajibu kwa yaliyopo mbele ya macho yetu. Ngome yetu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilikuwa ya askari, ikawa gereza mpaka 1984, na leo ina maktaba na maonyesho, na watoto huketi humo kusoma. Nyumba iliyoko katika barabara ya Usita wa Mui, ambayo Wajerumani waliifanya posta kati ya 1888 na 1891, ilikuwa nyumba kabla ya kuwa posta, na sasa ni makumbusho. Jengo la makumbusho lililo mbele ya bahari lilikuwa makao ya maafisa wa kikoloni. Nikivuka mpaka, Bagamoyo nyumba ya masista iliyojengwa 1876 ndiyo iliyo na makumbusho ya misheni, na Mkunazini, Unguja, jengo la zamani la misheni lililo kando ya Kanisa Kuu la Anglikana hulaza wageni mpaka leo. Majengo hayo yote yamesalia kwa kuwa yalipata kazi nyingine pale kazi ya kwanza ilipokwisha. Kazi iliyopatikana kwa nyumba ya Mkomani ni ya karibu mno na ile iliyojengewa, kuliko gereza na ngome, kuliko posta na nyumba.

Tena UNESCO ilipoandika Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, haikutazama mawe na milango peke yake. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba Lamu imeendelea kuwa kituo cha elimu ya dini ya Kiislamu na utamaduni wa Waswahili. Sote tunajua maana yake. Tangu mwanachuoni Habib Saleh alipoweka darasa katika mtaa wa Langoni na msikiti na chuo cha Riyadha vikasimama, wanafunzi wamekuja hapa kutoka mto Tana, Somalia, Uganda na kwingineko, nao wamelala katika nyumba za watu wa mji huu. Kumlaza mtafuta elimu ndiko kulikotuingiza katika orodha ile. Itakuwaje basi nyumba inayofanya kazi hiyo, hata kama mlezi wake ni kanisa na baadhi ya wasomi wake si Waislamu, ionekane haina nafasi ndani ya eneo la turathi, ilhali hoteli ya vyumba 8 inayokaa tupu kuanzia Aprili mpaka Juni inaonekana inayo?

Sina uadui na hoteli wala na wageni. Utalii umewasomesha ndugu zangu. Lakini umeona mwenyewe jinsi nyumba za Shela na za ufuo wa mji zilivyobadilisha mikono tangu wageni walipoanza kuzinunua, na tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, katika Ghuba ya Manda, lilipofunguliwa Mei 2021 bei zinazotajwa vibarazani zimepita uwezo wa mwalimu, mvuvi na hata mfanyabiashara wa hapa. Mara nyingi nyumba inayonunuliwa hutengenezwa vizuri kuliko tulivyoweza sisi, na hilo nalikiri. Kinachopotea hakionekani kwa nje. Kiwanda huchimbwa bwawa la kuogelea, nyumba ya kati hugeuzwa bafu, ngazi ya sabule huzibwa kwa kuwa haiuziki, na jioni mlango wa mbao uliochongwa hufungwa kwa kufuli kwa miezi 9 ya mwaka. Mtaa ambao kila mlango wa tatu umefungwa hivyo hauna wa kukimbilia wakati wa msiba wala wa kumpelekea sinia.

Wala simlaumu mrithi yeyote. Wengine wao nimecheza nao chini ya wikio. Wana haki ya mali yao, wamekuwa wakipokea kodi ndogo kwa miaka mingi, na baadhi yao ni wazee wenye gharama za matibabu. Kuwaambia wakatae fedha kwa ajili ya historia, bila kuwawekea kitu mezani, kungekuwa ni ukarimu wa kutumia mfuko wa mtu mwingine.

Kwa hiyo nakuomba haya, na naamini yote yako ndani ya uwezo wa kaunti. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 hakuna anayeweza kubadilisha matumizi ya jengo bila ruhusa yenu, na Katiba yetu, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mipango ya maendeleo na shughuli za utamaduni. Ombi la hoteli litakapofika, lisipitishwe kabla ya mtaa kusikilizwa katika kikao kitakachofanywa hapahapa Mkomani, na kabla ya wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa walioko Lamu kuipima na kuichora nyumba chumba kwa chumba, pamoja na sabule na ngazi yake. Mnara au jengo la kihistoria lenye umuhimu wa kitaifa ni jukumu la serikali ya kitaifa, na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamruhusu Waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho, kulitangaza jengo kuwa la kulindwa. Mji Mkongwe wenyewe ulitangazwa mwaka 1986. Nyumba hii imo ndani ya eneo hilo, lakini ulinzi wa eneo hutazama zaidi sura ya nje. Tafadhali iandikie wizara kuomba nyumba hii, na nyingine chache zilizobaki na mpangilio wake wa ndani, zitazamwe moja moja.

La pili ndilo zito, nami nimelifikiria sana. Kaunti hutoa basari kwa wanafunzi kila mwaka. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetumika kulipia malazi ya wasichana wa visiwani na wa bara wanaosomea mjini, bweni lingekuwa na mapato ya uhakika, na kanisa, ambalo limesema liko tayari kuendelea likipata mkataba wa muda mrefu, lingeweza kuwalipa warithi kodi inayokaribia haki yao. Paa na kuta zikarabatiwe kama kazi ya mafunzo, vijana wa chuo cha ufundi wakifundishwa na mafundi wa mji kuchoma chokaa, kuchonga zidaka na kupanga boriti. Mafundi wanaoijua kazi hiyo wanaendelea kutuacha, na fundi yule aliyegonga ukuta kwa kifundo cha kidole tulimzika mwaka uliopita. Ikiwa warithi bado watataka kuuza, basi kaunti iwe ya kwanza kuulizwa, ama inunue yenyewe au itafute wakfu au taasisi ya elimu ya kununua kwa sharti la matumizi yaleyale. Mimi sishikilii kwamba mlezi lazima awe kanisa. Nashikilia kwamba wasichana walale humo, wa Faza na wa Mpeketoni chini ya dari moja, kwa masharti yale waliyoyaweka wazee wetu.

Wasichana 14 waliosalia watahama muhula wa tatu ukifungwa. Mama mlezi wa sasa, ambaye mwenyewe alisomea humo, ameshaanza kufunga masanduku, na vidaka vya chini ni vitupu. Ufunguo bado anao yeye. Nakualika, Mheshimiwa Gavana, uje siku yoyote baada ya alasiri, bila msafara, uione nyumba kabla ombi halijafika mezani kwako. Wanaume huishia dakani kwa makubaliano ya mtaa, lakini nimezungumza na akina mama na mama mlezi, nao wamesema kwamba siku hiyo wasichana watakuwa darasani na wewe utaruhusiwa kuingia mpaka kwenye zidaka. Nitakuwa nimeketi barazani nikikungojea.

Wako mwenye heshima nyingi,

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu.